Nani Atoe Idhini, na kwa Siku Ngapi? Maswali yenu kuhusu Bunge na sheria za ugaidi

Barua za toleo hili zimetoka Lamu na Malindi, na nyingi zinazunguka jambo moja: Bunge linapojadili na kupigia kura mamlaka ya kupeleleza na kuzuia ugaidi, raia anaingilia wapi? Tumezifupisha na kuondoa majina. Majibu ni ya jumla. Mwenye kesi mkononi amwone wakili.

Msomaji wa Langoni, Lamu: Assalamu alaikum. Kila ukiletwa mswada wa usalama twaona vurugu kwenye televisheni, halafu twasikia umepita. Hupitia hatua gani hasa, na mtu wa kisiwani ana nafasi gani ya kusikilizwa?

Wa alaikumu salaam. Vurugu unazoziona kwa kawaida ni za hatua moja tu, na si ile yenye uzito kuliko zote.

Mswada kwanza huchapishwa katika Gazeti Rasmi. Kanuni za Bunge la Taifa zinataka zipite siku 14 kabla haujasomwa mara ya kwanza, ila Bunge lenyewe laweza kupiga kura kuzipunguza siku hizo, na mswada ukija moto baada ya shambulio, hilo ndilo jambo la kwanza kuombwa. Kusomwa mara ya kwanza ni kutajwa jina la mswada, basi. Hapo hukabidhiwa kamati inayoshughulikia usalama wa ndani, ambayo lazima ipokee maoni ya umma kabla ya kuandika ripoti. Imepewa siku 20. Kusomwa mara ya pili ni mjadala wa dhamira ya mswada. Huko ndiko kwenye hotuba ndefu, huko hutajwa mashambulio ya Westgate, Mpeketoni na Garissa, na huko kamera hazikosekani.

Baadaye Bunge hugeuka kuwa Kamati ya Bunge Lote na kupitia mswada kifungu kwa kifungu. Wasemaji wengi wa jana yake hawaonekani. Na bado hapa ndipo "Inspekta Jenerali" awezapo kubadilika kuwa "afisa wa polisi", ndipo maneno "mahakama ikiridhika" yawezapo kufutwa au kuingizwa. Kusomwa mara ya tatu hufunga kazi, kisha mswada huenda kwa Rais, ambaye ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha pamoja na sababu.

Tazama mswada wa kurekebisha sheria za usalama wa 2014. Ulikuwa na tarehe ya 8 Desemba, muda mfupi baada ya mauaji ya abiria wa basi na ya wachimba mawe huko Mandera. Ulipitishwa tarehe 18 wabunge wakivutana mashati ukumbini, na ukatiwa saini tarehe 19. Ndani yake mlikuwa na marekebisho ya sheria zaidi ya 20 kwa mpigo mmoja. Waliokwenda mahakamani walilalamikia haraka hiyo, lakini Mahakama Kuu, katika uamuzi wa majaji watano wa tarehe 23 Februari 2015, haikuifuta sheria hiyo kwa hoja ya kwamba umma haukushirikishwa. Iliyofuta ni vifungu 8, kimoja kimoja, kwa yale yaliyoandikwa ndani yake: kilichotaka idhini ya polisi kabla ya kutangaza habari za operesheni za ugaidi, kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000, kilichogusa haki ya mshtakiwa ya kunyamaza, na vingine.

Fundisho lipo hapo. Waraka wa maoni unaosema "sisi watu wa Lamu twaupinga mswada wote" huingia kwenye ripoti kama mstari mmoja. Unaofanya kazi una mambo manne kwa kila kifungu: nambari yake, maneno yalivyo sasa, maneno unayotaka yawe, na sababu katika sentensi mbili au tatu. Kurasa mbili zatosha. Waandikie kwa Kiswahili ukipenda. Katiba, kifungu cha 120, inakitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge. Upelekwe kwa Karani wa Bunge la Taifa kabla ya saa iliyotajwa kwenye tangazo la gazeti au tovuti ya Bunge. Pia umpe mbunge nakala, kwa kuwa marekebisho hayawezi kuletwa ukumbini na mtu asiye mbunge. Yeye naye anatakiwa ampe Karani notisi ya maandishi saa 24 kabla ya kikao. Ukimfikia asubuhi ya kikao chenyewe, umechelewa, hata kama ni binamu yako.

Mwalimu, Barani, Malindi: Nitajuaje mbunge wangu alipiga kura gani?

Pengine hutajua, na si kwa sababu kuna aliyeficha. Kura nyingi ni za sauti: Spika huwauliza wanaokubali waseme ndiyo, kisha wanaokataa waseme la, na hutangaza upande alioona umeshinda. Hakuna jina linaloandikwa. Majina huandikwa pale tu wabunge wanapodai kura ya kuhesabiwa na wenzao wa kutosha wakasimama kuwaunga mkono. Kengele hulia, milango hufungwa, na kila mmoja hupiga kura kwa mtambo au kwa kuitwa jina: ndiyo, la, au najizuia. Orodha hiyo huchapishwa kwenye Hansadi, rekodi rasmi ya yanayosemwa Bungeni, na kwenye taarifa ya Kura na Shughuli za Bunge ya siku ile, na zote mbili zipo kwenye tovuti ya Bunge.

Hesabu yenyewe ina maajabu yake. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila Spika, lakini akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa kikao kiendelee, ni 50, na mswada wa kawaida hupita kwa wingi wa waliopo na wakapiga kura. Wakiwa 50 tu na wote wakapiga kura, 26 wameipa nchi sheria. Kura zikilingana, hoja imeanguka, maana Spika hapigi kura.

Kwa hiyo swali la "ulipiga kura gani" mbunge mjanja hulipangua kwa urahisi. Muulize hivi: "Ulileta marekebisho gani, kwenye kifungu kipi?" Jibu lake litaonekana kwenye Hansadi au halitaonekana.

Msomaji wa Mokowe: Seneta wetu mbona hakupiga kura?

Ulinzi na polisi ni kazi za serikali kuu, na mswada usiohusu serikali za kaunti hupita Bunge la Taifa peke yake. Maspika wawili ndio huamua pamoja mswada ni wa aina gani. Mwaka 2014 hoja ya kwamba Seneti ilirukwa ilifikishwa mahakamani na haikufua dafu.

Mwenye kibanda cha M-Pesa, Muyeye, Malindi: Polisi waweza kunasa mazungumzo yangu ya simu bila mimi kujua? Na wakiichukua simu yenyewe?

Tutenganishe mambo matatu, kwa kuwa watu huyachanganya na kisha hulalamikia lisilo.

La kwanza ni kunasa mawasiliano ili kupata ushahidi, chini ya kifungu cha 36 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Mwombaji lazima awe afisa wa polisi mwenye cheo cha Inspekta Mkuu (Chief Inspector) au zaidi. Kabla ya kugusa mlango wa mahakama awe na idhini ya maandishi ya Inspekta Jenerali au ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kisha aombe amri kwa Hakimu Mkuu au Mahakama Kuu. Ombi husikilizwa upande mmoja, kwa hiyo ndiyo, hutaarifiwa. Lakini kuna milango miwili, na kila mmoja una mtu anayetia saini na anayeweza kuulizwa baadaye. Afisa anayenasa nje ya utaratibu huo ametenda kosa la jinai.

La pili ni kifungu cha 36A, kilichoingizwa 2014. Hiki kinaruhusu vyombo vya usalama wa taifa kunasa mawasiliano kwa ajili ya kugundua, kuzuia na kuvuruga ugaidi. Maneno hayo ni mapana kuliko "kupata ushahidi", maana hayangoji kosa kutendeka. Mahakama ilikiacha kisimame mwaka 2015. Ilikubali kwamba haki ya faragha ya kifungu cha 31 cha Katiba yaweza kupunguzwa kwa sababu hiyo. Ila 36A kina kamba shingoni: utaratibu wake lazima uwekwe katika kanuni za Waziri, na kanuni hizo hazina nguvu mpaka Bunge la Taifa liziidhinishe. Kwa maoni yetu huo ndio mjadala wa kufuatiliwa kuliko mswada wowote. Kanuni hazina hotuba za kusisimua, hupita kimya, na ndani yake ndimo huandikwa nani hasa atie saini, rekodi zikae muda gani, na zifutwe lini. Ukiona tangazo la kamati linalotaja kanuni za kunasa mawasiliano, usilipuuze.

La tatu, kuchukua simu iliyo mkononi mwako na kuifungua, huo ni upekuzi. Njia yake ya kawaida ni hati ya upekuzi ya hakimu, inayotaja mahali na kinachotafutwa. Uombe kuiona, isome tarehe na anwani. Simu ikichukuliwa, dai orodha ya vitu vilivyochukuliwa, yenye jina na nambari ya afisa. Wewe wa M-Pesa hili lakuhusu zaidi, kwa kuwa laini ya wakala ina fedha za watu. Bonyeza *#06# leo, andika nambari ya IMEI, ile ya kutambulisha simu, ya kila simu kwenye daftari lisilokaa dukani. Bila nambari hiyo, kurudishiwa simu iliyowekwa kama kielelezo ni mateso, kwa sababu aina moja ya simu huwa nyingi kwenye stoo ya kituo.

Mama, Hindi, Lamu Magharibi: Vijana wetu wanaogopa. Tunaambiwa kwa sheria ya ugaidi polisi wanaweza kumweka mtu siku 90. Ni kweli?

Mama yetu, namba ni ya kweli lakini mwenye kuitoa si polisi.

Polisi wana saa 24. Ni kwa kosa lolote, na ugaidi umo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi inarudia jambo hilo katika kifungu cha 32. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama, mwisho ni kufungwa kwa siku ya mahakama inayofuata. Aliyeshikwa Ijumaa alasiri basi, mpaka Jumatatu jioni awe amefikishwa mbele ya hakimu. Baada ya hapo, chini ya kifungu cha 33, afisa anaweza kuomba abaki rumande uchunguzi ukiendelea. Anaomba kwa maandishi na kwa kiapo, akieleza sababu. Mahakama ikikubali, haiwezi kutoa zaidi ya siku 30 kwa mara moja. Afisa akitaka kuongezewa, arudi tena aeleze, na jumla yote isivuke 90.

Maana yake familia ina nafasi ya kupinga kila mara ombi linapoletwa, na wengi huipoteza ya kwanza kwa sababu wanazunguka vituoni badala ya kujiandaa kwa mahakama. Saa za mwanzo zitumike hivi. Mmoja aende kituoni aulize nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, na jina la afisa wa uchunguzi, aandike saa. Mwingine amtafute wakili. Katiba, kifungu cha 49, inampa aliyeshikwa haki ya kuwasiliana na wakili, ya kunyamaza, na ya kuambiwa sababu ya kushikwa kwa lugha anayoielewa. Wa tatu akusanye karatasi za kuonyesha kijana ana makao: barua ya chifu au mzee wa mtaa, kitambulisho cha mzazi, barua ya mwajiri au leseni ya mashua. Upande wa mashtaka huwa unasema atatoroka; karatasi hizo ndizo hujibu hilo, wala si machozi mbele ya hakimu.

Ugumu wa Lamu ni umbali. Mtu anaweza kushikwa bara, akavushwa Mombasa, na kesi za ugaidi nyingi husikilizwa Nairobi katika mahakama ya Kahawa. Kwa hiyo saa moja ya kwanza ni ya kuuliza: anapelekwa wapi, na mahakama ipi?

Ikiwa kila kituo kinasema hayuko, kinachofuata ni ombi kwa Mahakama Kuu, ya Malindi au ya Garsen, kutaka aliyeshikwa aletwe mbele ya jaji. Haki hiyo imo katika kifungu cha 25 cha Katiba, miongoni mwa zile chache zisizoweza kupunguzwa kwa sheria yoyote, hata ya ugaidi. Ombi hushinda au huanguka kwa kiapo. Kiapo kizuri kinasema nani aliona, saa ngapi, mahali gani, nambari ya gari, waliomchukua walivaa nini, na kila kituo kilichoulizwa kwa tarehe na saa. "Tulisikia ni polisi" hakitoshi. Ndiyo maana maombi mengine hutupwa. Malalamiko kwa IPOA, mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi, hayana ada na yanaweza kwenda sambamba.

Nahodha, Kizingitini: Sisi twavua mpaka upande wa Kiunga. Kuna sheria ya kusema mtu akivuka Somalia ni gaidi? Na ile marufuku ya kuvua usiku ilipigiwa kura na Bunge gani?

Bwana nahodha, kifungu cha 30C cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi kinasema anayekwenda nchi iliyotangazwa na Waziri kuwa ya mafunzo ya ugaidi, bila kupita kituo rasmi cha uhamiaji, atachukuliwa kuwa alikwenda kufunzwa. Lakini kijifungu cha pili kinawatoa wanaoishi kwa kawaida katika eneo linalopakana na nchi hiyo. Mstari huo mmoja ndio kinga ya mtu wa mpakani, na ni mfano mzuri wa kwa nini vifungu vidogo visomwe. Kinga yenyewe inadai uthibitisho wa makazi, kwa hiyo kitambulisho na kadi ya chama cha wavuvi wa ufuo, BMU, visibaki nyumbani, hasa wakati wa kaskazi mashua zikisukumwa mbali.

Marufuku ya kuvua usiku haikupita kwenye kura ya Bunge. Ilikuwa amri ya utawala wa usalama. Kafyu nayo hutoka kwa Waziri kwa ushauri wa Inspekta Jenerali chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma. Amri kama hizo hupingwa mahakamani au kwa kumbana Waziri kwa maswali Bungeni. Kumlaumu mbunge kwamba "aliipigia kura" ni kupiga mti usio na embe. Jeshi ni habari nyingine: kulituma kurejesha amani mahali penye msukosuko ndani ya nchi kunahitaji idhini ya Bunge la Taifa, kwa kifungu cha 241 cha Katiba.

Msomaji wa Ganda, Malindi: Nchi nyingine hufanyaje? Kuna njia ya kuitaka sheria ichunguzwe upya?

Canada ilipopitisha sheria yake ya ugaidi mwaka 2001, mamlaka mawili mazito, kumlazimisha shahidi kuhojiwa mbele ya jaji na kumshika mtu kwa kumzuia asitende, yaliwekewa tarehe ya kufa baada ya miaka 5. Februari 2007 serikali iliomba yaongezewe muda. Bunge likakataa kwa kura 159 dhidi ya 124, na mamlaka yakafa. Yakarudi 2013 kwa sheria mpya, kwa kura 183 dhidi ya 93, siku chache baada ya mlipuko wa Boston. Kama mwaka 2014 kwetu, shambulio ndilo liliharakisha kura.

Uingereza, Novemba 2005, Tony Blair aliomba siku 90 za kumshikilia mshukiwa kabla ya mashtaka. Alishindwa kwa 322 dhidi ya 291, akapewa 28. Mwaka 2008 serikali iliomba 42. Zilipita kwa tofauti ya kura 9 tu katika Bunge la wawakilishi, kisha Bunge la Malodi likazikataa kwa 309 dhidi ya 118. Leo ni 14. Sheria yao ya 2011 ya hatua za kuzuia na kupeleleza ugaidi, inayomruhusu Waziri kumwekea mtu asiyeshtakiwa masharti ya mahali pa kulala, kifaa cha kufuatilia mwendo na kikomo cha simu, nayo huisha kila miaka 5 Bunge lisipoifufua.

Sheria yetu ya 2012 haina tarehe ya kufa. Kuiomba si ndoto: Katiba, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni atake sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Ombi liwe la Kiswahili au Kiingereza, lisomeke, lisiwe na maneno yaliyofutwa na kuandikwa juu yake. Lielekezwe kwa Bunge, litumie lugha ya heshima, lieleze juhudi zilizokwisha kufanywa kwingine na zilizaa nini, na liseme wazi kama jambo liko mahakamani. Mwisho lije ombi lenyewe, kwa mfano: "kifungu cha 36A kiwekewe muda wa miaka mitano". Kila mwombaji aandike jina, anwani, nambari ya kitambulisho na saini au alama ya kidole gumba. Kosa la kawaida ni kurasa za saini zilizotengwa na ombi, zisizoonyesha watu walitia saini nini. Kila ukurasa wa saini uwe na kichwa cha ombi juu yake. Hupelekwa kwa Karani bila malipo. Likikubaliwa na kusomwa Bungeni, kamati ina siku 60 za kujibu kwa ripoti, nayo ripoti hiyo mna haki ya kupewa nakala.